Waya Ulioelekea Kibla

Kiponda, Unguja Mjini
10 Mfunguo Mosi (Shawwal) 1331

Kwa shangazi yangu Bi Tamima binti Hamoud, Bububu.

Shikamoo shangazi, na mkono wako nnaubusu kutoka huku huku. Sisi sote wazima. Mama anakusalimu sana, anasema ile mihogo uliyotuletea ya sikukuu imekwisha na wewe mwenyewe utajua la kufanya.

Baba keshasafiri kwenda hija. Tulimsindikiza Forodhani, mji mzima ukiitikia labeka, na yeye kasimama kwenye mashua na makopo mawili ya halua kwapani. Nikamuuliza, kopo la pili la nani? Akasema, "La karani wa simu ya upepo, wa meli yoyote itakayonirudisha." Maana kaka yako kaweka nia kamili. Anasema akirudi, meli ikipita Lamu, baada ya magharibi, atambembeleza karani ampigie neno moja hewani, nalo ni HODI. Atabisha mara tatu, basi. Nilimwambia, "Baba, hewa haina mlango." Akanijibu, "Hodi ni tatu, Khelef. Asiyejibiwa huondoka. Adabu ni adabu hata baharini."

Unamjua. Akisema tatu, ya nne huipati ng'o.

Kwa hiyo nimesimamisha mlingoti juu ya dari letu. Boriti juu ya boriti, nimezifunga kwa kamba za nazi, waya unaning'inia kutoka kileleni. Jirani anasema unakaribia kuupita mnara wa msikiti, na kweli. Kisanduku cha kusikilizia nimekitengeneza mwenyewe kwa masalio ya nyumba ya simu ninapofanya kazi, waliyokubali niyachukue. Nimetengeneza viwili. Cha pili ni chako, pamoja na kibonge cha waya. Anakuletea Mcha, mkata tiketi wa gari la moshi. Ndani mna jiwe la kunasia sauti, na sindano yake. Ligusishe ile sindano taratibu, uvae kikombe cha sikio, usikilize. Milio mifupi na mirefu wewe huna haja ya kufundishwa. Nilipokuwa nikijifunza kazi nyumbani kwako, nikigonga sinia lako la shaba kwa kijiko, wewe ulihifadhi herufi na maneno ya Kizungu kabla yangu, na sinia likabonyea.

Mwambie Shaame mkwezi aupandishe waya kwenye mnazi mrefu kuliko yote. Tutalinganisha waya wako na wangu, tuone upi utaisikia hodi ya baba. Jibu nnalijua, lakini twende kwa haki.

Mwanao, Khelef bin Zahor

*

Bububu
19 Mfunguo Mosi

Marahaba mwanangu Khelef, marahaba mara mia. Kaka yangu hajambo? Mimi mzima, ila goti tu, nalo goti lina miaka yake. Ng'ombe kazaa ndama wa kike. Mihogo nimempa Mcha, na mama yako mwambie kwamba nimesikia, na mlafi hafi kwa njaa.

Kisanduku kimefika. Sasa sikiliza kilichonipata na Shaame. Kapanda mnazi, kaangua madafu mawili, kashuka, kayanywa yote mawili mbele yangu, kisha akasema, "Bi Tamima, mnazi mimi naupanda kwa nazi. Kwa waya wa kuitia radi sipandi." Nikamwambia ni amri ya Khelef. Akasema, basi Khelef na aje apande.

Nikakaa. Nikafikiri. Shaame akaona haya, akachonga mambo, yaani vigingi vya mti, akayapigilia chini mstari mmoja, urefu wa kiuno cha mtu, kutoka dirishani kwangu, ubavuni mwa kile kimsikiti chetu, mpaka mwisho wa shamba. Waya haugusi mti, umeshikwa na shingo za chupa zangu za marashi ya mawaridi. (Chupa nilizivunja mwenyewe, na kila moja iliniuma.) Nikamuuliza, mbona umepita njia hiyo? Akasema, "Shamba hili lina mstari mmoja tu ulionyooka, nao ni wa kibla. Babu yangu ndiye aliyeupima walipojenga mihrabu. Mingine yote imepinda."

Basi waya wangu umelala kibla, sawasawa na safu ya wanaosali.

Jana baada ya magharibi nimevaa kile kikombe. Nimesikia! Wallahi nimesikia, Khelef. Kisauti chembamba kama mbu, meli fulani inaiuliza nyingine habari za makaa. Nilicheka peke yangu mpaka ndama akashtuka. Mimi mjane wa Bububu, najua makaa ya Wazungu yamepungua!

Shangazi yako, Tamima

*

Kiponda
27 Mfunguo Mosi

Shangazi yangu, shikamoo tena. Hongera ya ndama. Mihogo imefika na mama keshanyamaza kwa wiki moja.

Nisamehe lakini nimecheka mpaka nimelia. Waya urefu wa kiuno! Huo ni wa kuanikia leso. Sauti huja kwa juu, shangazi, na atakaye kuipata huifuata juu. Hapa kwangu ile meli ya makaa uliyoisikia wewe kama mbu, mimi nimeisikia kwa kishindo, mpaka mama aliyekuwa kaketi mbali anachambua mchele akauliza nani anagonga.

Tuwe na mtihani wa haki. Jumapili kuna meli ya barua inatoka Mombasa. Baada ya magharibi sote tusikilize, kila mtu aandike aliyoyapata, tupelekeane. Mwamuzi awe Mcha. Hajui kitu, kwa hiyo hatapendelea.

Baba ameandika kutoka Aden. Ni mzima, halua ya karani haijaguswa. Yake mwenyewe aliimaliza kabla ya Mombasa.

Khelef

*

Bububu
6 Mfunguo Pili

Mwanangu, marahaba. Kaka yangu hajambo? Mzima mimi, na goti pia limepoa, sifa zote za Mola.

Mcha kasoma karatasi zote mbili ndani ya gari, kaziweka moja juu ya nyingine, na hukumu yake hii hapa kwa mdomo wake: "Ya Khelef ina maneno makubwa yaliyokatika. Ya Bi Tamima ina maneno madogo yaliyotimia." Na wewe mwenyewe umeandika, kwa mkono wako, "hapa radi, hapa radi, hapa sikupata, radi." Mimi nimeipata meli toka salamu mpaka kwaheri, na jina la nahodha, na kwamba mke wa mtu fulani anatapika.

Sasa nikueleze, maana nimekaa nalo. Mlingoti wako unasikia kila kitu. Ukisikia kila kitu ni kama kusikiliza kisa katikati ya soko la Darajani, na muuza changu kakusimamia sikioni. Wangu unasikia kidogo, lakini na yale makelele unayasikia kidogo zaidi. Debe tupu, mwanangu, haliachi kuvuma. Na mtaka cha mvunguni je?

Ainame!

Shangazi yako, mshindi

*

Kiponda
25 Mfunguo Tatu

Shangazi yangu mpenzi. Nimekawia kuandika, kazi zimenizonga. Eid yetu ilikuwa njema. Mama anakusalimu.

Nimefikiri sana habari ya waya. Umenishinda lile pambano la kwanza, nakubali, lakini huenda ni bahati tu. Mlingoti nimeuongeza boriti moja. Vuli imeingia na ngurumo zake, na kila nikivaa kikombe nasikia mtu anakaanga dagaa kwenye mafuta ya moto. Kadiri mlingoti unavyorefuka ndivyo dagaa wanavyozidi. Kwa hiyo nimejaribu mtindo wako. Nimeomba ruhusa, nikaulaza waya mrefu kandokando ya maji pale Darajani, kutoka darajani kwenda magharibi, juu ya vijiti, urefu wa kiuno, na shingo za chupa vile vile. Nimetoka patupu. Dagaa watupu, tena wakubwa kuliko wa darini. Watu waliopita walinipa pole, wakidhani nimepoteza mbuzi.

Sielewi. Waya ule ule, urefu ule ule, kimo kile kile. Wewe unafanya nini ambacho mimi sifanyi? Niambie yote, hata lililo dogo. Jinsi unavyokaa. Unavyoshika sindano. Lazima tusikie, shangazi. Safari hii lazima tusikie.

Khelef

*

Bububu
4 Mfunguo Nne

Mwanangu Khelef, heri ya mwaka mpya wa Kiislamu. Ndama anakua. Huku mvua, udongo umeshika viatu.

Jibu lako ni jepesi, na si mimi niliyeligundua. Nilimsomea Shaame barua yako akiwa anakuna nazi. Akauliza, "Waya wa Khelef umeelekea wapi?" Nikamwambia magharibi. Akasema, "Ngurumo za vuli zinatoka wapi?" Tukatazamana. Zinatoka bara, Khelef! Kila jioni tunauona umeme kule ng'ambo, magharibi. Wewe umechukua waya ukaulaza kuelekea bara, ukaikaribisha radi mpaka chumbani.

Wangu umelala kibla. Na kibla chetu Unguja ni kaskazini, Makka iko juu yetu moja kwa moja. Meli za Lamu na Aden zinakuja kutoka huko huko. Waya mrefu ulio chini husikia kule unakonyooshea kidole, na ubavuni ni kiziwi. Nimeuhakikisha: meli zitokazo kaskazini nazipata, zitokazo Dar es Salaam sizipati hata zikiwa karibu. Na Shaame wa watu alitaka mstari ulionyooka tu, hakuwa na jingine moyoni.

Laza wako kaskazini basi, upate.

Jambo moja nakuuliza. Barua yako nzima ni waya, waya, waya. Baba yako hata jina hukulitaja. Kwa nini?

Shangazi yako

*

Kiponda
9 Mfunguo Nne

Shikamoo shangazi. Sote hatujambo.

Kaskazini sina pa kulaza. Utanyoosha wapi waya katika mji huu, ambao ukitoka kwenda kwa jirani unapinda mara tano? Nimezunguka Kiponda, nimezunguka Malindi, hakuna hata kichochoro kimoja kinachojua kinakokwenda. Tena zamu yangu imegeuzwa, sasa naingia kazini alasiri na kutoka baada ya isha. Hata mlingoti sitaweza kuusikiliza.

Umeuliza kwa nini sikumtaja baba. Na mimi nakuuliza: kwa nini wewe hukuuliza ameandika nini? Barua zako zote za nyuma ulianza na "kaka yangu hajambo?" Hii ya mwisho umeanza na ndama.

Khelef

*

Kiponda
12 Mfunguo Nne

Shangazi, sikungoja jibu lako. Hii nampa Mcha asubuhi.

Tarehe ishirini na nne ya mwezi uliopita nilikuwa kazini, na simu ya waya ikaingia kutoka Jidda. Niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, herufi baada ya herufi, kabla ya kujua ninaandika nini: Zahor mgonjwa sana, meli ya mahujaji imemwacha. Tangu hapo sijapata neno. Mama hajui. Kila jioni anamfulia kanzu ambayo haijavaliwa. Sikukwambia wewe kwa sababu niliogopa kwamba nikikwambia itakuwa kweli.

Ndiyo maana nimehangaika na waya kama mwendawazimu. Ikiwa hodi itakuja, itakuja kwa meli yoyote, siku yoyote, na itakuja mara tatu tu.

Nimeuteremsha waya wangu. Wote, pamoja na ule wa Darajani. Umo ndani ya kikapu hiki. Uungie na wako, uufanye mrefu zaidi kuelekea kibla. Mlingoti umebaki boriti tupu, na mama keshaanza kuanikia juu yake. Wewe ndiye sikio letu sasa.

Mwanao

*

Bububu
12 Mfunguo Nne

Khelef mwanangu, nimeshindwa kunyamaza.

Duni, jirani yangu aliyekwenda hija, alirudi tangu mwanzo wa mwezi huu. Alimwacha kaka yangu Jidda, kitandani, hasemi wala hali chakula, katika nyumba ya Mngazija mmoja mwema. Duni alilia akinisimulia. Nikamwapisha asipande gari la moshi kuja mjini asije akakutana nawe. Nikakuandikia habari za ndama.

Niliona wewe ni kijana, na una mama wa kumtazama, na mlingoti wa kukufurahisha. Nikasema nitaubeba peke yangu. Mzigo wenyewe umenishinda. Kila magharibi navaa kikombe, na nikishavua nalia, kisha naosha uso ili Shaame asinione.

Njoo siku ya mapumziko yako tukae pamoja.

Shangazi yako Tamima

*

Bububu
14 Mfunguo Nne

Ama sisi ni ukoo wa wajinga wawili! Mcha ananiambia barua yako na yangu zilipishana ndani ya gari lile lile, mkoba ule ule. Wiki mbili tunafichana jambo moja. Nimesoma yako, nimelia, kisha nikaanza kucheka, na Shaame akaja mbio akidhani nimepandwa na jini.

Waya umefika. Nimekwenda kwa Jaku, mwenye shamba linalofuata, nikamwambia nataka kupitisha waya kati ya migomba yake mpaka mwisho. Akauliza, wa nini? Nikamwambia, wa kumsikiliza kaka yangu. Hakuuliza la pili, kashika nyundo mwenyewe. Kimsikiti kizima kilisaidia kupigilia mambo baada ya alasiri, na imamu akasimama mihrabuni na kamba mkononi, ahakikishe mstari haupindi. Shingo za chupa zimetoka nyumba saba. Bububu nzima leo haina marashi.

Mwambie mama yako, Khelef. Thuwaiba ana haki yake. Na mtu akiujua mzigo huomba dua iliyo sawasawa.

Tamima

*

Bububu
26 Mfunguo Nne
Hii Mcha anakuja nayo kwa gari la kwanza la alfajiri. Nimemwambia asisimame popote.

Khelef! Khelef! Khelef!

Jana jioni ngurumo za bara zilikuwa hazina mfano, anga ya magharibi yote inawaka. Nilisali magharibi, nikavaa kikombe, nikagusisha sindano. Kimya kwanza. Dagaa kidogo, mbali. Kisha kile kisauti cha mbu, kutoka kaskazini. Karani anazungumza na Mombasa, habari za kawaida, nikataka kuinuka nikaangalie ndama. Akanyamaza. Kisha akaanza tena, polepole, kama mtu anayeandika kwa mkono usio wake.

Minne mifupi. Mitatu mirefu. Mmoja mrefu na miwili mifupi. Miwili mifupi.

Hodi.

Nikaishika sindano kwa mikono miwili isihame. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu. Nikangoja ya nne, na ya nne haikuja, na hapo ndipo nilipojua ni yeye. Mtu mwingine yeyote angebisha ya nne!

Maiti habishi hodi, mwanangu. Na mtu asiyesema hampi karani halua. Kaka yangu yu hai, amekaa juu ya meli, anasema, anabembeleza watu!

Nikavua kikombe nikatoka mlangoni, nikapaza sauti kuelekea migomba ya Jaku: "KARIBU!" Najua kisanduku hakipeleki neno. Ningefanyaje? Mtu akibisha huitikiwa. Jaku akaitikia kwa mbali, "Starehe, Bi Tamima!" akadhani namwita yeye. Kisha majirani wakaelewa, na vigelegele vikaanza, na Duni akaanguka sijida papo hapo kwenye tope.

Mwamshe mama yako. Mpe kanzu aipige pasi.

Tamima

*

Kiponda
29 Mfunguo Nne

Shangazi yangu.

Amefika. Amekonda, mashavu yameingia, lakini kashuka mashua kwa miguu yake. Mama alimshika mkono toka Forodhani mpaka nyumbani na hakuuachia hata pale kichochoro kilipokuwa chembamba mno kuwapitisha wawili. Watu wamejaa, kahawa imechemshwa, maulidi ni kesho.

Lakini kuna tatizo, na nakuandikia nikiwa nimechutama kizingitini.

Haingii ndani.

Ameketi barazani, nje, juu ya mkeka. Mama kamwambia karibu, mimi nimemwambia karibu, mtaa mzima umemwambia karibu. Anasema, "Mimi nimebisha baharini mara tatu, na sikujibiwa. Asiyejibiwa haingii. Adabu ni adabu." Nikamwambia, baba, shangazi alisikia, alijibu kwa sauti mpaka migomba ikasikia, ila chombo chake hakipeleki. Macho yalimjaa maji, akatazama pembeni. Kisha akasema, "Basi aliyeisikia hodi ndiye mwenye karibu. Nitangoja."

Naye anacheka, shangazi. Tangu atoke Jidda, anasema mwenyewe, ndiyo mara ya kwanza kacheka hivi. Anakula halua iliyobaki kwenye kopo la karani, maana karani alichukua nusu tu.

Mcha anaondoka sasa hivi na gari la adhuhuri. Andika jibu, arudi nalo. Mvua inakuja na mzee yuko nje.

Khelef

*

Bububu, 29 Mfunguo Nne
Asomewe Zahor bin Hamoud, barazani, kwa sauti

Karibu. Karibu. Karibu.

Pita ndani ndugu yangu, usirowe. Na mimi naja na gari la jioni. Nitabisha mara moja tu, na wewe unifungulie.